Kuficha, Kufunika, Kujisitiri: Usomaji wa Kiswahili wa Sheria ya Ufaransa ya Mwaka 2010 Kuhusu Uso

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Oktoba 2010 inayokataza kufunika uso hadharani. Sheria hiyo inasomwa hapa kama matini, kwa kuchunguza maneno iliyoyachagua, mambo iliyoyanyamazia, na mtu inayemsawiri bila kumtaja. Kwa kuzingatia tofauti za maana baina ya vitenzi vya Kiswahili kuficha, kufunika na kusitiri, pamoja na kazi ya kiambishi -ji-, makala yanaonesha kwamba hukumu dhidi ya mwanamke avaaye nikabu imo ndani ya kitenzi cha sheria kabla ya hoja yoyote kutolewa. Makala yanahitimisha kwamba dola ina haki ya kumwadhibu anayemlazimisha mwanamke kuvaa au kuvua, na ina haki ya kuuona uso pale utambulisho unapohitajika. Haina haki ya kumwamulia mwanamke maana ya vazi lake awapo njiani.

1.0 Utangulizi

Mfasiri akiiweka mbele yake sheria ya Ufaransa namba 2010-1192 ili aigeuze kwa Kiswahili, atakwama katika sentensi yake ya kwanza. Kwa muhtasari, sentensi hiyo inasema kuwa mtu yeyote haruhusiwi kuvaa, mahali pa hadhara, vazi lililokusudiwa kutenda jambo fulani juu ya uso wake. Jambo hilo, kwa Kifaransa, limetajwa kwa kitenzi dissimuler. Kiswahili kinampa mfasiri vitenzi vitatu vilivyo jirani: kuficha, kufunika na kusitiri. Akiandika kuficha, atakuwa ameshamtuhumu mvaaji. Akiandika kufunika, atakuwa ameeleza kitendo cha kitambaa na uso tu. Akiandika kusitiri, atakuwa ameipindua sheria yenyewe, kwani ni vigumu kufikiria sheria inayokataza stara ikasomwa kwa Kiswahili bila kumshangaza msomaji.

Huenda ikaulizwa sheria ya Ufaransa inamhusu nini mhakiki wa Kiswahili. Jibu la kwanza ni la jiografia. Sheria hiyo inatumika katika eneo lote la Jamhuri ya Ufaransa, na eneo hilo linajumuisha Mayotte, kisiwa cha funguvisiwa la Komoro. Wakazi wake wengi ni Waislamu, na lugha yao, Kimaore, imo katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili. Mayotte ilipata hadhi ya mkoa kamili wa Ufaransa tarehe 31 Machi 2011. Siku kumi na moja baadaye sheria ya uso ikaanza kutumika. Jibu la pili ni la kitaaluma. Lugha ya watu ambao mama na bibi zao wameishi na buibui, ukaya, mtandio na barakoa kwa vizazi kadhaa imehifadhi maarifa kuhusu vazi la stara ambayo Bunge la Paris halikuwa nayo. Kuisoma sheria hiyo kwa Kiswahili ni kuijaribu kwa kipimo ambacho haikukitarajia.

Swali la msingi, kwa hiyo, ni hili: je, serikali inapaswa kuwawekea wanawake wa Kiislamu mipaka ya mavazi ya stara hadharani? Makala yanalijibu kupitia lugha, si kwa sababu lugha inatosha kutatua mgogoro wa kisiasa, bali kwa sababu mgogoro huu ulianza kwa namna ya kutaja.

2.0 Matini na Ukimya Wake

Jambo la kwanza linalomgusa msomaji wa sheria hii ni ukimya wake. Haikutaja Uislamu, haikutaja nikabu, wala haikutaja burka. Kifungu cha kwanza kinamzungumzia mtu yeyote, asiye na jina, jinsia wala dini. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu nani anayekusudiwa. Mwezi Juni 2009 Rais Nicolas Sarkozy alitangaza mbele ya wabunge mjini Versailles kuwa burka haikaribishwi Ufaransa. Mwezi huohuo Bunge liliunda kamati maalumu ya kuchunguza vazi hilo, ikiongozwa na mbunge André Gerin. Mswada ulipopigiwa kura Julai 2010, wabunge 335 waliunga mkono na mmoja tu akapinga. Baraza la Seneti lilifuata Septemba kwa kura 246 dhidi ya moja. Kwa makadirio yaliyotajwa katika kesi iliyofika baadaye mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wanawake waliovaa nikabu nchini humo mwishoni mwa 2009 walikuwa takriban 1,900, na 270 kati yao waliishi katika maeneo ya ng'ambo.

Katika uhakiki wa fasihi, mhusika anayeendesha matukio yote bila kutajwa si jambo geni. Tungo zetu za mafumbo zimejaa walengwa wa namna hiyo, na mjuzi wa kanga anafahamu kuwa jina la kanga humfikia jirani aliyekusudiwa bila kumtaja. Tofauti ni kwamba fumbo la kanga linamwachia mlengwa nafasi ya kujibu kwa kanga nyingine. Fumbo la sheria linamjia pamoja na faini ya hadi euro 150, au amri ya kuhudhuria mafunzo ya uraia, au vyote viwili.

Ukimya huo unavunjika mahali pamoja. Kifungu cha nne kinamwadhibu mtu anayemlazimisha mwenziwe kufunika uso kwa vitisho, nguvu au matumizi mabaya ya mamlaka, kwa sababu ya jinsia yake. Adhabu ni kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000, nayo huongezwa maradufu iwapo aliyelazimishwa ni mtoto. Hapa ndipo jinsia inapojitokeza kwa mara ya kwanza, na inajitokeza katika umbo la mtendwa. Ndani ya matini hii, mwanamke anaonekana anaposhurutishwa peke yake. Mwanamke aliyeamua mwenyewe hana sentensi inayomhusu. Amemezwa na neno yeyote.

Kifungu cha pili nacho kinastahili kusomwa kwa makini, kwani kinaorodhesha yanayoruhusiwa: kufunika uso kwa sababu za afya, za kazi, za michezo, za sherehe, au za maonesho ya sanaa na mila. Kwa hiyo uso uliofunikwa haukatazwi kwa kuwa umefunikwa. Mcheza ngoma wa kinyago anaruhusiwa, mwendesha pikipiki anaruhusiwa, anayesherehekea kanivali anaruhusiwa. Kinachokatazwa ni maana moja ya kufunika, na maana hiyo ndiyo ambayo sheria imekataa kuitaja.

3.0 Vitenzi Vitatu

Kitenzi kuficha hudai mtu wa pili. Anayeficha humficha fulani kitu fulani, na mara nyingi kitu hicho huyo wa pili ana haki ya kukijua. Mwizi huficha mali, mgonjwa huficha maradhi, mtoto huficha kosa. Kitenzi kufunika hakina dhamira ya aina hiyo. Chungu hufunikwa kwa kawa, kisima hufunikwa kwa ubao, na hakuna anayeuliza chungu kinamdanganya nani.

Kusitiri kuna upana mwingine. Asili yake ni Kiarabu, lakini matumizi yake katika Kiswahili yamejenga ulimwengu wake. Nyumba humsitiri mwenyewe na mvua na macho ya watu. Rafiki humsitiri rafiki aibu. Maiti husitiriwa kaburini. Mtu aliyepata riziki ya kumtosha husema kuwa Mungu amemsitiri. Katika matumizi yote hayo, kinachositiriwa kina thamani, na kitendo chenyewe ni cha hifadhi. Wala hakuna anayedanganywa, kwa kuwa stara haikani kuwapo kwa kile inachokikinga. Kila mtu anajua kuwa nyuma ya mlango kuna watu. Ndiyo maana hupigwa hodi.

Sheria ya 2010, kwa kuchagua neno lililo karibu zaidi na kuficha, imeshamaliza kesi kabla ya kuianza. Mwanamke anayesema anajisitiri anajibiwa kwa lugha inayomsikia akisema anajificha. Ni kutoelewana kwa msamiati ambako kumepewa nguvu ya dola.

Hata hivyo, uaminifu wa kihakiki unatudai tusilifanye neno stara kuwa takatifu. Lugha yetu imelitumia pia kunyamazisha. Mke anayepigwa huambiwa asitiri aibu ya nyumba yake. Msichana aliyedhulumiwa huambiwa akae kimya ili ukoo usitirike. Wanaodai kuwa vazi la stara laweza kuwa chombo cha udhibiti hawasemi uzushi. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Kwa hiyo haitoshi kulibadilisha neno la sheria ya Ufaransa kwa neno letu zuri zaidi. Inatupasa kuuliza ni nani mtenda wa kitenzi hicho.

4.0 Barakoa na Buibui: Vazi Halina Maana Moja

Historia ya msamiati wa pwani inasaidia hapa. Neno barakoa linatokana na Kiarabu burqu', neno lilelile lililozaa burka katika lugha za Ulaya. Katika Unguja ya karne ya 19, barakoa ilikuwa kifunika uso cha wanawake wa tabaka la watawala. Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja kwa jina la Sayyida Salme, aliieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Ilikuwa alama ya ukubwa: mwanamke aliyeivaa alikuwa mtu ambaye si kila jicho lilistahili kumtazama.

Mwaka 2020 neno hilohilo lilirudi vinywani mwa Waswahili wote kwa maana ya kifuniko cha pua na mdomo dhidi ya korona. Nchini Kenya serikali iliamuru watu wavae barakoa hadharani. Nchini Ufaransa vilevile uvaaji wa barakoa ulikuwa lazima katika vyombo vya usafiri na kumbi za umma, ilhali sheria ya 2010 ingali hai. Hakukuwa na mgongano wa kisheria, kwani sababu za afya ziliruhusiwa tangu mwanzo. Lakini hoja kwamba jamii haiwezi kuishi pamoja bila kuonana nyuso ilipata mtihani ambao hakuna aliyeuandaa. Watu walisalimiana, wakauziana mikate, wakafundishana na kuzikana wakiwa nusu ya nyuso zao haionekani.

Buibui nalo lina kisa chake. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya utamaduni na siasa za Unguja uliochapishwa mwaka 2001, ameonesha jinsi wanawake waliotoka utumwani baada ya mwaka 1897 walivyojenga hadhi mpya kupitia mavazi. Kichwa kilichoachwa wazi kilikuwa sehemu ya unyonge wa mtumwa. Waliokuwa watumwa walijitwalia kanga, kisha katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wakajitwalia buibui. Kwao kujifunika kulikuwa dai la uungwana: kwamba mwili wao si mali ya mtu kuutazama apendavyo. Mtazamaji wa nje aliyeliona buibui kama ishara ya utumwa wa mwanamke angekuwa ameisoma historia hiyo kinyumenyume.

Mifano hii haithibitishi kuwa kila nikabu ya Paris au Marseille ni dai la uungwana. Inathibitisha jambo dogo zaidi lakini muhimu: maana ya vazi hutegemea anayevaa, wakati gani na mbele ya nani. Sheria inayolipa vazi maana moja kwa wote imefanya kosa ambalo tungemsahihisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa semiotiki.

5.0 Hoja za Watetezi wa Katazo

Watetezi wa katazo walitoa hoja kuu tatu, na zote zilipimwa katika kesi ya S.A.S. dhidi ya Ufaransa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 1 Julai 2014. Mlalamikaji, raia wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1990, alieleza kwamba hakulazimishwa na mume wala ndugu, kwamba hakuvaa nikabu kila siku, na kwamba alikuwa tayari kuonesha uso wake panapohitajika ukaguzi.

Hoja ya kwanza ilikuwa usalama. Mahakama iliona kwamba katazo la jumla limezidi kiasi, kwa kuwa haja ya kumtambua mtu inaweza kutimizwa kwa kumtaka aoneshe uso pale panapokuwa na hatari au shaka. Hoja ya pili ilikuwa usawa wa jinsia. Mahakama iliikataa pia: dola haiwezi kutumia usawa wa wanawake kukataza jambo ambalo wanawake wenyewe wanalitetea kuwa ni haki yao. Ilibaki hoja ya tatu, ya kuishi pamoja. Kwa kura 15 dhidi ya 2, Mahakama ilikubali kuwa Ufaransa ilikuwa na nafasi ya kuamua kwamba uso ulio wazi ni sharti la maisha ya pamoja. Miaka minne baadaye, mwezi Oktoba 2018, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifikia uamuzi tofauti katika malalamiko ya wanawake wawili, ikisema kuwa Ufaransa ilikiuka haki zao.

Hoja ya kuishi pamoja haipaswi kudharauliwa. Kiswahili kinauthamini uso: tunazungumza ana kwa ana, tunakunjua uso kumkaribisha mgeni, na tunasema uso umeumbwa na haya. Mtu anayeona uzito kuzungumza na asiyemwona si lazima awe na chuki. Lakini hoja hiyo inageuza tamanio la mtazamaji kuwa wajibu wa mtazamwaji. Jirani yangu ana uhuru wa kutamani kuniona. Uhuru huo haumpi mamlaka ya kunifungua. Katika desturi ya pwani sauti hutangulia uso: mgeni hupiga hodi, mwenyeji akaitikia, kisha ndipo wanapoonana. Maisha ya pamoja yanaanzia kwenye idhini, na ndicho kitu ambacho katazo linakiondoa.

Ipo pia historia ambayo hoja hii haiwezi kuiepuka. Mwezi Mei 1958, katika vita vya Algeria, majeshi ya Ufaransa yaliandaa sherehe mjini Algiers ambapo wanawake walivuliwa vifuniko vyao mbele ya umati, ikasemwa kuwa wamekombolewa. Frantz Fanon, akiandika mwaka 1959, alieleza jinsi ukombozi wa aina hiyo ulivyolifanya vazi kuwa ngome ya upinzani. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kuchutama huko si kukubali; ni kutafuta stara nyingine kwa kilichobaki.

Kinachobaki kuwa kizito zaidi ni suala la kushurutishwa. Wapo wanawake wanaolazimishwa kufunika nyuso zao, na kulikana hilo ni kuwasaliti. Lakini katazo linamfanyia nini mwanamke huyo? Akitoka amefunikwa, yeye ndiye anayetozwa faini. Akikatazwa na mumewe kutoka bila kufunikwa, hatatoka. Barabara imefungwa, na nyumba imegeuka gereza kwa msaada wa sheria iliyodai kumkomboa.

6.0 Kiambishi -ji- na Mipaka ya Dola

Kiswahili kina kiambishi kimoja chenye silabi moja kinachobeba mzigo wa mjadala huu wote. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Anayesitiriwa amepokea tendo la mwingine; anayejisitiri ametenda mwenyewe juu ya nafsi yake. Vivyo hivyo kufunuliwa na kujifunua ni vitendo viwili, japo kitambaa kinachoondolewa ni kilekile.

Iran inatoa mfano wa dola iliyokifuta kiambishi hicho kwa pande zote mbili. Mwaka 1936 Reza Shah aliamuru wanawake wavuliwe hijabu, na wapo waliojifungia majumbani kuliko kutoka vichwa wazi. Baada ya mapinduzi ya 1979 amri iligeuka, na kufikia mwaka 1983 kutovaa hijabu kukawa kosa lenye adhabu. Septemba 2022 mwanamke wa miaka 22 alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili mjini Tehran kwa sababu ya namna alivyovaa, na wanawake wakaingia barabarani kuchoma mitandio yao. Ambaye angepinga amri ya 1936 kwa jina la heshima ya mwanamke hana budi kuipinga ya 1983 kwa jina hilohilo. Na anayeililia Tehran hawezi kuisifu Paris. Amri mbili zinazotofautiana katika nguo zimefanana katika sarufi.

Kwa mtazamo huu, sheria ya Ufaransa ina vifungu viwili vinavyopingana. Kifungu cha nne kinailinda -ji-: kinamwadhibu anayemtwalia mwanamke uamuzi wake. Kifungu cha kwanza kinaiondoa: kinaifanya dola yenyewe kuwa ndiyo inayoamua. Kifungu cha nne kingeweza kusimama peke yake, na kingesimama vizuri zaidi kama kingemwadhibu pia anayemlazimisha mwanamke kuvua.

Msimamo huu hauifungi mikono dola. Afisa wa uhamiaji ana haki ya kuuona uso wa anayevuka mpaka. Msimamizi wa mtihani ana haki ya kuhakikisha anayefanya ndiye aliyesajiliwa. Mahakama yaweza kudai kumtambua shahidi. Katika hali hizo ombi lina sababu inayotajika, lina muda wake, na laweza kutimizwa kwa staha, mathalani mbele ya afisa wa kike. Linatofautiana na katazo la jumla kwa sababu linamtaka mwanamke aoneshe uso kwa jambo fulani, halimtaki auache wazi kwa ajili ya watu wote wakati wote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na mfasiri aliyekwama mbele ya kitenzi. Ni vyema akwame. Kukwama kwake kunafichua kuwa sheria iliyojidai kuzungumzia nyuso ilikuwa imeshaamua kuhusu nyoyo: kwamba aliyefunika ameficha, na aliyeficha ana la kujibu. Kiswahili hakiwezi kuitafsiri sentensi hiyo bila kuuliza ni kitenzi kipi kinachokusudiwa na mtenda wake ni nani.

Serikali ipewe jibu hilohilo iwe Paris au Tehran. Imwadhibu anayelazimisha. Iombe kuuona uso pale inapohitaji kumjua mtu, na iseme sababu yake. Zaidi ya hapo, mwanamke anayepita njiani akiwa amejisitiri, au akiwa ameamua kutojisitiri, aachiwe kitenzi chake pamoja na kiambishi chake.